Mwanaume Ndani ya Nyumba ya Mjane

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijafika mbali niambie magoti yako yanaendeleaje. Mara ya mwisho ulisema ngazi zinakusumbua. Shemeji naye, kifua kimetulia? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na anatugombeza vizuri zaidi. Mimi tumbo linazidi kunitangulia kila ninakokwenda. Dukani vigae vinatoka, ingawa siku hizi mteja anapapasa kila kimoja, kisha anasema atarudi na mke wake.

Sasa habari za mdogo wetu, maana najua umeruka mistari ili uzifikie.

Yule Masikio, uliyekuwa ukihofia kwamba ataishia kufunga spika kwenye mikutano, amemaliza filamu. Na kweli spika alifunga, Dada, hukukosea. Akarekodi kwaya, akarekodi matangazo ya magodoro, akakaa miaka kwenye studio za watu akikunja nyaya. Leo muziki wa filamu nzima, uliopigwa na okestra kamili, umepita mikononi mwake.

Ukiniuliza anafanya nini hasa, nitakujibu kama nilivyomjibu Mama. Kila chombo kinarekodiwa na maiki yake. Kisha yeye anakaa mbele ya meza yenye vitufe vingi kuliko vijiko vyetu vyote, anazipanga zile sauti kama mpiga picha wa harusi anavyopanga ndugu: nani akae mbele, nani arudi nyuma, nani asogee kidogo shangazi aonekane. Mama akasema, kumbe ni kazi ya kuamrisha watu. Akaridhika.

Lakini nusura mambo yaharibike, na nilikuwepo. Mama alikuwa akinituma kumpelekea chakula, kwa sababu akiwa kazini husahau kula, nami nikajipa cheo cha mtazamaji. Wakanipa kiti cha nyuma na sharti la kutofungua mdomo. Unanijua, niliteseka.

Filamu yenyewe inahusu mjane. Mwishoni anakaa peke yake kwenye nyumba tupu, hasemi neno, na kinachosikika ni selo tu, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Aliyeipiga ni mzee mmoja aliyewafundisha nusu ya wapigaji wa okestra ile. Masikio alimsogezea maiki karibu kabisa, akapata sauti nzito, yenye joto, mpaka mtunzi wa muziki akamshika bega na kumwambia kwamba mbao za chombo kile zinapumua.

Siku mwongozaji wa filamu alipokuja kuusikiliza muziki ukiwa pamoja na picha, alimtazama mjane, akazitazama spika, akauliza kwa upole, "Huyo mwanaume yuko chumba gani?"

Hazikuwa mbao, Dada. Mzee akipiga selo huwa anaimba chinichini huku amefumba mdomo. Na mdogo wetu, mtu anayesikia bomba likivuja kwa jirani, alikuwa ameisikia sauti ile tangu mwanzo akadhani ni selo. Ilikuwa imefuata nyuzi sawasawa.

Mtunzi alibadilika uso. Akasema sauti ile iondolewe, la sivyo atafutwe mpigaji mwingine, na kwa jinsi alivyomtazama Masikio, nilielewa kwamba hata wa kukaa pale mezani angetafutwa mwingine. Filamu yake ya kwanza kubwa ilikuwa inamponyoka hivihivi, mimi nimeshika bakuli.

Alijaribu kuikwangua ile sauti. Lakini kila ilipotoka iliondoka na nyama ya selo, kilichobaki kikalia kama nyuki ndani ya kopo. Wakamwita mzee arudie. Mzee akakana kabisa. Alisema haimbi, hajawahi kuimba, waulizwe wanaokaa nyuma yake. Wanaokaa nyuma yake walikuwa wanafunzi wake, na miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila mmoja akaanza kukagua viatu vyake.

Mtunzi akasema basi, aje mwingine. Hapo Masikio akasimama. Alimwambia kwamba maiki aliiweka yeye, kwa hiyo kosa ni lake, lakini mzee haondoki.

"Kama kuna mwanaume ndani ya ile nyumba," alisema, "tumwingize kwa mlango."

Maana yake ni hii. Mapema kwenye filamu, mume akiwa bado hai, anaonekana akitengeneza dirisha, na hapo hapakuwa na muziki wowote. Masikio aliomba amrekodi mzee akiimba vile vile, bila selo, aiweke sauti hiyo pale dirishani kwa mbali. Mtunzi akampa mpaka Ijumaa.

Wakamsikilizisha mzee sauti yake mwenyewe. Aliinamisha kichwa, akaomba kurudiwa, halafu akasema anashangaa walivyomvumilia. Tatizo likawa jingine: bila selo, hawezi kuimba. Alikohoa, alinywa maji, hakuna kitu. Mwishoni Masikio akamrudishia selo na kumwomba apitishe upinde hewani, usiguse nyuzi. Nilimwona kwa macho yangu, mzee wa watu akipiga hewa kwa heshima zote, na ile sauti ikatoka yenyewe.

Ijumaa ile ilipofika, mwongozaji aliangalia dirisha, kisha akaangalia nyumba tupu. Selo ikaanza, na yule mwanaume akaja nayo. Hakuna aliyetikisika.

"Sasa namjua," mwongozaji akasema.

Mtunzi alivua miwani, akaifuta, akamwambia mdogo wetu asiguse tena kitufe chochote. Filamu yake ijayo ameshampa.

Juzi, filamu ikiwa imeshatoka, tulikwenda kuitazama sinema, mimi na Mama. Mwishoni majina yalipoanza kupanda kwenye pazia, niliona la ukoo wetu, jina la Baba kabisa, nikajikuta nimesimama. Jamaa wa nyuma akaniambia nikae, namziba. Nikamwambia yule ni mdogo wangu. Akauliza yupi. Nikageuka kumwonyesha, jina lilikuwa limeshapita. Jamaa akasimama naye, akanipa mkono.

Msalimie Shemeji, na wapwa zangu wote, hasa yule wa mwisho anayejidai amenipita urefu. Mama anasema anakuombea kila akiamka, na kwamba simu haiumi, ipige. Mungu awape afya, awape kicheko nyumbani mwenu, na awalete mkiwa wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyebaki dukani nikijisifu kwa wateja kwa kazi isiyo yangu,

Kaka wa Masikio