Kingi wa Kanduyi

Jumamosi, 8 Machi

Njahi na mahindi tena. Maharagwe ya njahi ndiyo mawe meusi, mahindi ndiyo meupe, ubao ni plaiwudi niliyochora mistari mwenyewe. Mawe halisi ya go, mchezo huu wa Wachina, nitayatoa wapi hapa Kitale?

Nimewarudia wanafunzi wangu yale yale katika ukumbi wa kanisa. Jiwe ukishaliweka halisogei. Lina pumzi nne, nafasi tupu kando yake. Mwenzako akiziba zote, limekamatwa, linatolewa nje. Mwisho, aliyezingira eneo kubwa ameshinda.

Haikupita muda, Juma fundi wa baiskeli akaruka jiwe la mwenzake. Kisha akafika ukingoni akadai kingi. Wote wamelelewa na drafti ya vifuniko vya soda: ukivuka mpaka ng'ambo, kifuniko chako kilicholiwa kinarudi, kinapanda juu ya mwenzake, una kingi. Miaka yote hii nawaomba watu wasahau kingi. Nimechoka.

Rispa amekuja pia. Mumewe alizikwa Lugulu Desemba. Anaweka njahi zake na kutazama.

Jumatano, 12 Machi

Wanyonyi amepiga simu kutoka Bungoma. Huyu nilimfundisha mimi, sebuleni kwangu, kwa chai yangu. Sasa ana darasa hukohuko, Kanduyi, na anasema limejaa. Anataka tuunganishe madarasa, tuwe na sheria moja. Ametualika Jumamosi.

Nimefurahi kama mjinga. Nimewapigia wanafunzi wote, nimenunua unga wa chapati za kubeba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi. Hasira tupu.

Wanyonyi ameweka kingi. Kwenye go! Mawe yako yakishikana kutoka ukingo hadi ukingo, unarudishiwa jiwe moja lililokamatwa, unaliweka popote. Kila likirudi, ukumbi mzima makofi na vicheko. Hakuna anayezingira chochote, wote wanakimbilia ng'ambo.

Nikamwambia mbele ya watu kwamba huo si mchezo niliomfundisha. Hakukasirika hata kidogo. Afadhali angekasirika.

"Mwalimu, watu si wanafurahi? Ati sheria bila watu itakusaidia na nini, bana?"

Wakapiga kura kwa mikono, nani anataka kingi. Mkono wa kwanza hewani, Juma. Wangu wakafuata mmoja mmoja. Mikono ilipoanza kwenda juu upande wa Rispa nikageuza uso. Chapati zangu walikuwa wameshazimaliza.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikwenda. Asante ya punda ni mateke.

Nimemwaga mawe meusi yote kwenye sufuria, nikayachemsha. Njahi zimegoma kuiva. Nimekula hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Juma ameniandikia kwa simu kwamba watakuwa wakienda Kanduyi kila Jumamosi. Ameongeza "pole mwalimu". Pole yake abaki nayo.

Halafu amekuja mtunza ukumbi wa kanisa. Kwaya inautaka ukumbi Jumamosi. Darasa likikosa watu wiki hii, basi unakuwa wa kwaya. Kwaya wana ukumbi Jumapili, Alhamisi, na bado wanataka wangu. Bila ukumbi, mimi si mwalimu wa kitu chochote. Ni mwanamke mwenye plaiwudi.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipanga viti vyote. Ujinga tu.

Rispa alikuja, peke yake. Njahi sina, nikamwambia ukweli, nimekula. Akafungua mkoba akatoa pakiti ya njahi. Za shamba lake.

Tukacheza. Sikumhurumia. Nikaziba pumzi, nikamkamata njahi tatu, nikaziweka kando. Akaziangalia.

"Hizi zinarudi, Mwalimu?"

"Hazirudi, mama."

"Hata nikifika ukingoni?"

"Hata ukifika."

Kisha akasema kule Kanduyi yeye hakuinua mkono. Wale wote walikuwa wanashangilia kitu kinarudi, na yeye anajua hakirudi. Hakuweza kukaa pale akipiga makofi.

Nikamwonyesha mahali ambapo njahi zake zilizobaki bado zina pumzi.

Mtunza ukumbi akachungulia, akahesabu vichwa viwili, akaita kwaya. Hatukubishana nao. Nilibeba ubao taratibu ili jiwe lolote lisisogee, Rispa akabeba viti. Tukakaa nje kwenye varanda. Ilikuwa zamu yake.