Kwa Nini Bado Tunaitwa Kaenda Zake

Kaenda Zake,
Bonde la Mto Yeoul,
Mkoa wa Gangwon.
9 Novemba 1974.

Mpendwa mpwa wangu Chunsik,

Pokea salamu zangu, nzito kama gunia la viazi. U mzima? Kile kifua kimepoa? Sisi huku hatujambo. Bibi yako amebakiwa na meno mawili, lakini ulimi ni uleule.

Umeuliza jina la kijiji chetu lilitoka wapi, maana wenzako kiwandani Ulsan wanakucheka. Umemuuliza mwenyewe! Bonde zima hakuna anayenishinda kwa mambo ya kale, na shule niliishia darasa la nne kwa kuwa walimu waliishiwa na cha kunifundisha.

Unamkumbuka Jemadari wetu, lile gogo lenye uso linalolinda mlango wa kijiji. Zamani alikuwa na mkewe, gogo mwenzake. Ikanyesha mvua, mto ukapanda hata ng'ombe wa babu yangu akaonekana juu ya msonobari akicheua. Maji yalipopungua, Jemadari yuko peke yake. Mke kaenda zake! Watu wa kijiji cha chini wakamwokota, wakamsimika kando ya mke wa Jemadari wao. Ndiyo maana wao wanaitwa Wake Wawili.

Mimi nilidhani ni porojo. Ila mwaka huu binti yangu Sunrye akachumbiwa na Gilman, kijana wa Wake Wawili, na bibi yako akagoma.

"Wameshatuchukulia mmoja, leo wanataka na wa pili? Mimi nikiwa hai, haendi mtu!"

"Mama, hizo si hadithi tu?"

"Hadithi? Haya, nenda ukaone, bingwa wa maneno!"

Sunrye alikuwa hali, halali. Nikavaa kofia nikashuka, njia nzima nikiomba nikute ni uongo.

Unajua magogo huoza, na kila yakioza huchongwa mapya kwa kufuatisha ya zamani. Jemadari wetu pua imepinda kushoto na masikio hana, ndivyo wachongaji wa kwetu wachongavyo tangu enzi za mababu. Nikamtazama mke wao wa kwanza: pua imenyooka, masikio kama majani ya kabichi. Nikamgeukia wa pili. Mpwa wangu, pua kushoto, masikio hakuna! Nikarudi nyuma hatua tatu, mimi niliyemfukuza chui kwa ufagio.

Kudanganya ningeweza, kipaji ninacho. Lakini mama hadanganyiki.

"Ni kweli, mama. Ni wetu yule."

Sunrye akainamisha kichwa. Bibi yako akauliza, "Wanamtunzaje?"

"Kamba ya majani ya mpunga anayofungwa kwa heshima ni mpya. Siku ya tambiko, pombe ya mchele humwagiwa yeye kwanza, kabla ya mke mkubwa. Wanasema huyu yuko mbali na kwao."

Akajifuta pua kwa mkono wa nguo. "Basi mtoto aende. Ila na wao watuletee wetu."

Juma lililopita wakaja na sanduku la harusi, lenye zawadi za bibi harusi. Mbebaji, kama ilivyo desturi, kajifunika uso kwa ngisi mkavu, anapiga kelele, "Sanduku! Nunueni sanduku!" na hasogei hata hatua mpaka nimnyweshe pombe. Nyuma yao, gogo jipya lililofuatisha la mke wetu, limevishwa sketi nyekundu, pua kushoto. Tukamsimika kando ya mumewe. Watu walilia. Mimi ulikuwa moshi tu machoni.

Harusi ilipokwisha, mzee Taegon akaanza: "Sasa jina letu ni uongo. Mke si karudi?" Tukabishana hadi supu ikapoa. Bibi yako akanyoosha kidole barabarani. Sunrye na mumewe walikuwa wanavuka daraja, binti hageuki nyuma.

"Liacheni jina. Yule pale si kaenda zake?"

Tukaenda kupasha supu moto, na jina likabaki.

Nisalimie shangazi yako Malsun na mumewe. Bibi anasema ule, uvae soksi nzito. Mababu wakutangulie kila uendako, na wakurudishe.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko nisemavyo, nami husema mengi,
Deokbae