Fundi Aliyeshona Koti la Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na Mama bado anakuficha sukari. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili, na kila anachokishika lazima akijaribu kwa kung'ata.

Barua yako imefika, nimeisoma mara tatu. Unataka jina la fundi aliyeshona koti nililokuletea ukalivaa kwenye harusi ya kaka, ili umwachie cherehani yako kwa kuwa mikono imeanza kutetemeka. Kaka ameniambia kwamba hadi leo unawafunulia wageni bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, ukisema huyu ndiye fundi, wengine wanaunganisha vitambaa tu.

Baba, najua unavyoichukia mitumba. Nilikuwa mdogo ilipoanza kuuzwa mkabala na kibanda chako, na wateja wako wakawa wanapita na mifuko yao wakikusalimia huku wanatazama chini. Ulisema nyumbani kwako haitaingia nguo ya mtu tusiyemjua, pengine marehemu, pengine hana adabu. Mama akauliza adabu inakaa sehemu gani ya shati. Ulinuna siku mbili.

Sasa naomba uketi. Si kweli kwamba ninauza vitambaa dukani, kama nilivyokuambia. Ninauza mitumba, mwaka wa nne huu. Asubuhi tunakata kamba za robota, tunasukumana, tunatukanana kwa mapenzi, na kufika saa nne kila mtu ana rundo lake. Nguo nzuri nikizipata huwa nazifumua nione aliyeshona alifanyaje. Wale watu wa ng'ambo sitawaona maisha yangu yote, lakini nimekuta chini ya ukosi mishono midogo ya mkono kama yako, imefichwa pale ambapo hakuna mteja atakayeangalia. Siku ya kwanza nilipoiona, nililia katikati ya soko. Jirani yangu akadhani nimeibiwa.

Koti lako lilitoka kwenye robota, Baba. Lilikuwa la jitu lenye mabega kama mlango. Nililifumua lote, nikalikata upya kwa vipimo alivyochukua Mama ukiwa umesinzia kitini, nikalishona kwa wiki tatu. Fundi unayemtafuta ni mimi, yule uliyemtoa kibandani ukimwambia vidole vyake ni vya kalamu.

Ukitaka kulivua, livue, sitanung'unika. Ila uniambie nimekosea wapi, maana najua kosa uliliona siku ileile ukanyamaza.

Msalimie Mama, na usimnunie, nilimbembeleza sana. Kaka na mkewe nawasalimu pia. Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Tafadhali, cherehani usimpe mtu kabla sijafika.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Kitindamimba