Mkono wa Zaina

Jumanne, 8 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Ulipoinuka nikawatoa watoto sita bustanini, nyuma ya wodi, chini ya mti wa matunda ya plamsi. Kila mmoja na bonge lake la udongo. Zaina amemaliza kuku wa tano. Ana miaka minane. Uji wa moto ulimuunguza mkono wa kulia mwaka jana. Kidonda kilifunga, kovu likavuta vidole vinne vikakunjika. Nikimnyoosha mimi kitandani, analia mpaka wa kitanda cha jirani naye analia. Akifinyanga anajinyoosha mwenyewe, wala hajui kwamba ndiyo mazoezi. Leo kidole cha shahada kimefunguka chote.

Alhamisi, 10 Julai

Metroni mpya ametukuta bustanini. "Hapa ni hospitali, nesi, si chekechea." Wakaguzi wanakuja Jumatatu, hataki kuona matope. Nilimweleza: wenye vidonda wazi hawagusi udongo, wengine wananawa kwa sabuni kabla na baada. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope. Niliona aibu, na mpaka sasa najichukia kwa aibu ile.

Ijumaa, 11 Julai

Bibi yake Zaina kaja na udongo mpya, kaufunga kwa majani ya mgomba. Ni mfinyanzi, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Kautoa kijitoni, kaondoa mawe yote kwa mkono, kashuka nao mlima kwa miguu. Sikumwambia habari ya metroni. Woga tu.

Jumatatu, 14 Julai

Wametupa kila kitu.

Nimeingia zamu saa moja na nusu, rafu ya wodini tulipoanikia kazi zao tupu. Kuku, ng'ombe, vijungu, na udongo wa bibi, vyote kwenye shimo la taka. Metroni aliagiza, mfanya usafi akabeba. Zaina aliona kupitia dirisha. Alikuwa amekaa kitandani, ngumi imefungwa.

Nilimfuata metroni katikati ya wodi. Nilimwambia hana moyo. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Sauti yangu ilifika mpaka getini, watoto wawili wakaanza kulia. Wale wale ninaodai kuwatetea. Wakaguzi walikaa wodini dakika kumi. Bustanini hawakufika.

Jumanne, 15 Julai

Barua. Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini nisichukuliwe hatua. Nimeandika mara mbili, nikachana mara mbili. Kila nikianza, kalamu inatukana.

Nimewaomba radhi wale watoto wawili. Mmoja kaniuliza kama nitapiga kelele tena. Nimesema hapana. Sina hakika.

Zaina amepewa mpira wa kuminya. Kauacha ukaviringika chini ya kitanda. Hafungui mkono. Kidole cha shahada kimeanza kurudi.

Jumatano, 16 Julai

Bibi ameshasikia. Sijui nani kamwambia. Kaja, kanishika mkono moja kwa moja mpaka ofisini kwa metroni nikatafsiri. Yeye husema Kishambaa, mimi Mbondei wa Muheza. Kibondei na Kishambaa ni ndugu, tunaelewana. Metroni akamwamkia shikamoo kwa adabu. Bibi akaitikia marahaba, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mwambie mama yangu alinizaa nyumba ya vyungu. Mwambie watu wa bonde hili wamelelewa kwa chakula cha vyungu vyetu. Ule uchafu anaousema ni upi?"

Nilitafsiri. Sikupunguza neno.

Metroni akasema: "Bibi, mimi nimepewa maagizo. Mazoezi hatukatazi. Yafanyike ndani, kwa mpira."

"Mpira hautaki," bibi akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Basi mnipe mtoto wangu."

Metroni alionekana amechoka. Nililiona hilo na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Jumamosi, 19 Julai

Zaina ameruhusiwa. Daktari kasema arudi kliniki kila mwezi. Nimemchorea bibi mazoezi kwenye karatasi: kukanda, kuviringisha, kubandika kiganja bapa. Kayatazama, akacheka. Ndiyo kazi anayoifanya kila siku.

Barua ya kujieleza niliipeleka jana. Mistari minne. Nilikiri kupiga kelele mbele ya wagonjwa. La udongo sikuliomba radhi. Leo saa nane nikapewa jibu: nahamia wodi ya wanaume. Bustani itamwagwa zege, iwe maegesho. Nimekaa chooni nikauma kanga nisisikike.

Jumapili, 27 Julai

Nimepanda kwa bibi. Mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani, mashamba ya kabichi mpaka juu. Nimewakuta uani kwenye jua. Zaina kaniamkia bila kuinuka, maana alikuwa na chungu mapajani. Kidogo, mdomo umepinda. Anakilainisha kwa ndani, kiganja kimetandazwa.

Nikamwomba mkono. Akaufuta kwenye gauni, akanipa. Vidole vitatu vinafunguka. Cha mwisho bado kimekunjika, na nilipokigusa akauvuta mkono.

"Hicho bado," akasema.

Nikamwacha. Bibi akanipa bonge na mimi. Tumefinyanga watatu mpaka jua lilipohama uani. Changu kilipasuka pembeni, Zaina akakiziba kwa kidole gumba, akaendelea na chake.