Maneno Niliyommalizia

Machi 3

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa sote wazima. Mama yako anakukumbuka sana, hasa vyombo vikijaa.

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi: baba yako, mwalimu wa miaka ishirini na saba, ameshika mkia katika darasa la kushona. Mfuko wa shati nimeushonea mgongoni. Kinachoniudhi ni fundi anayetufundisha. Nikisita kidogo tu, ananipokonya kitambaa, anamalizia mwenyewe. "Nakusaidia, mzee." Mzee! Nabaki nimetoa macho kama nimeibiwa.

Shuleni nako kuna mtihani. Nina msichana mwenye kigugumizi. Alikuwa akikwama kusoma, namtajia neno upesi wenzake wasimcheke. Sasa hasomi kabisa, anatikisa kichwa tu. Mwalimu mkuu anasema asiposoma kabla mwezi haujaisha, atarudishwa darasa la chini. Nifanyeje?

Baba

Machi 9

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi tu. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni. Shati hilo nitunzie.

Ila baba, usinune: soma tena barua yako. Fundi anakupokonya kitambaa. Wewe unampokonya huyo mtoto nini?

Bintiyo

Machi 30

Marahaba mwanangu,

U hali gani? Kimya changu nisamehe. Nilinuna siku tisa, mama yako shahidi.

Sasa ukweli wenyewe, bila chumvi. Wakati wa mapumziko nilimwita yule msichana, nikamwomba radhi. Nikamsimulia habari za fundi, akacheka. Nikamuuliza, ukikwama unataka nifanye nini? Akajibu kwa taabu: "Ni-ni-ningoje." Basi! Miaka ishirini na saba, na sikuwahi kumuuliza mtoto swali hilo.

Jana akasimama kusoma. Neno la pili, akakwama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikauziba kwa kiganja. Mtukutu wa dawati la nyuma alikuwa ameshaanza kucheka. Akaniona, akajiziba naye. Mmoja mmoja, darasa zima likajiziba. Tukangoja, watoto arobaini na mwalimu mmoja, kimya.

Akasoma ukurasa mzima. Dakika sita. Mwalimu mkuu alikuwa kasimama mlangoni; akaniambia, "Huyu haendi popote," akaondoka. Nami nilivimba kifua utadhani nimesoma mimi.

Nikamwambia, "Vizuri sana, kaa."

Hakukaa. Akafunua ukurasa uliofuata.

"Ba-bado, mwalimu. Si-sijamaliza."

Baba