Mvinyo Wenye Jina la Baba Mkwe

Dodoma,
Jumapili, baada ya ibada

Wifi yangu Mama Neema,

Za Basotu? Ziwa limejaa au bado linarudi nyuma? Mama mguu wake vipi, bado anaukanda kwa samli au amekubali kwenda zahanati? Huku watoto wazima. Kaka yako alirudi juzi na lori kutoka Tabora, amekonda kidogo lakini anakula. Mimi mwili hauna shida. Shida iko kwingine, ndiyo maana unaona barua badala ya simu.

Usicheke. Najua watu waliacha kuandikiana zamani. Lakini wewe simu ukiipokea unaweka spika, boma zima linasikia mpaka mbuzi, na haya si ya boma zima. Soma peke yako kwanza.

Wiki iliyopita uliniambia Baba amekataa kurudi huku kufanyiwa jicho la pili. Ukasema ameanza kuwagawia wanawe ng'ombe, amewaonyesha mahali pa kumzika, na kila anayemuuliza anamjibu, "Nimeshaitwa. Mtu aliyeitwa anatengeneza jicho la nini?" Ukasema alimsikia marehemu mama yake akimwita kwa jina, hapa hapa kwangu Dodoma, mchana kweupe. Mimi nikakujibu, "Pole wifi, wazee bwana." Eti wazee bwana! Mungu anisamehe kwa mdomo huu.

Wifi, hakuitwa na mama yake. Niliyemwita ni mimi.

Tulia nikueleze. Mgahawa wangu unaujua kwa picha: meza chache, jiko la mkaa nyuma, wateja wa maofisini. Nilianza na chakula na soda tu. Lakini huku zabibu zinalimwa kama mahindi, na mtu wa ofisini akikaa kula anataka mvinyo, tena anataka umwambie upi unaendana na sahani yake. Nikajifunza. Haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Kwetu nani asiyejua kwamba nyama yenye mafuta inataka maziwa yaliyochacha, ili mafuta yasigande mdomoni? Ni mambo yale yale. Samaki wa kukaanga nampa mvinyo mweupe wenye uchachu, unafanya kazi ya limao. Kuku wa pilipili nampa ule wenye utamu kidogo, maana mwekundu mkavu ukikutana na pilipili, mdomo unawaka moto. Na mbuzi wa kuchoma, ambaye ndiye anayewasomesha wanangu, anataka mwekundu laini usiokausha ulimi.

Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mwekundu huo laini una jina, na jina hilo linaanza sawasawa na la Baba. Ukilitamka haraka haraka ni la Baba lenyewe. Unajua nilivyofundishwa siku naingia kwenu: mke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo, mpaka anakufa. Hata sasa siwezi kuliandika, mkono unagoma. Muulize mwalimu yeyote hapo sekondari akutajie aina za mvinyo mwekundu, utalisikia mwenyewe.

Mwanzoni nililikwepa kwa adabu zangu zote. Nikauita mvinyo ule "Laini", na Rehema, dada anayekaa kaunta, akazoea. Nikajaribu hata kuwapa wateja wa mbuzi mvinyo mwekundu mwingine, ule mkavu, wakakunja sura kama wamelambishwa magome. Nikarudi kwa Laini. Halafu siku moja mama mmoja wa wizarani, mwenye maneno huyo, akaniambia mbele ya wenzake, "Mama, unauza kitu hata jina lake hulijui? Si limeandikwa hapo kwenye chupa!" Meza nzima ikacheka. Wifi, niliona haya. Nilimwonea haya mtu asiyenijua, nikamsahau Baba aliyenitolea ng'ombe. Nikalitaja. Mara ya kwanza nilikimbilia nyuma nikasukutua mdomo. Baadaye nikaacha kusukutua. Mwisho nikawa nalitaja kama mtu anayeomba chumvi.

Ndipo Baba akaja hospitali ya huku kufanyiwa macho. Jicho moja limefungwa bandeji, la pili lina ukungu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ashinde pale mgahawani ili nimhudumie huku nafanya kazi. Alikaa kona ya jikoni na shuka lake, na kila mteja aliyemwamkia alimwambia, "Huyu mwenye chakula ni mke wa mwanangu." Akampakata mtoto wetu wa mwisho, akampapasa uso kwa vidole, akasema, "Pua ni ya kwetu. Macho yakipona nitaiona." Alikuwa na furaha, wifi. Sijawahi kumwona anacheka vile.

Siku yake ya tatu pale, saa ya chakula, watu walijaa. Meza mbili zikaagiza mbuzi kwa pamoja. Rehema alikuwa mbali, mimi nageuza nyama, moshi umeniingia machoni. Nikapaza sauti kama naita mtu ng'ambo ya korongo. Nikaita jina lile.

Baba akaweka kijiko kwenye supu. "Naam, mama!" akaitika. Akageuza uso huku na huku. "Nani ameniita?"

Nilikauka. Rehema akaja na chupa, hajui lolote, nikampokonya nikaificha kwenye kanga. Nikamwambia Baba, "Hakuna aliyekuita. Ni kelele za wateja."

"Ni mwanamke," akasema. "Ameniita kwa jina langu."

"Baba, kunywa supu, inapoa."

Akainywa. Kesho yake akasema anataka kwenda nyumbani. Nikamkatia tikiti, nikampakia, nikapumua. Ndiyo, nilipumua! Nilidhani nimeponea.

Sasa fikiria hesabu aliyoipiga ndani ya basi. Mwanamke gani aliye hai anaweza kumwita jina lake? Mama humwita kwa jina la mtoto, ninyi binti zake mnamwita Baba. Sisi wake wa wanawe hatuthubutu. Waliokuwa wanamwita ni mama yake na dada zake, na wote wametangulia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, na hakunifikiria hata kidogo. Aliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba anakufa kuliko kwamba mimi nimekosa adabu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jana nikamweleza kaka yako yote. Aliisukuma chai pembeni. Halafu akasema, "Ungekiri palepale, angekufokea, ungetoa asali ya faini, yangeisha. Sasa baba yangu anachagua kaburi kwa sababu ya chupa." Akaniletea karatasi, akaniambia, "Andika."

Basi, wifi, nakuomba kwa magoti. Mchukue Baba pembeni, wawe ninyi wawili tu, umweleze. Mwambie kuna mvinyo unafanana naye jina, na mke wa mwanawe aliuita kwa sauti kubwa mbele ya watu, akasikiwa, akadanganya. Usinilainishie. Usiseme nilisahau, kwa sababu nilikuwa naliita kila siku na nilijua. Mwambie mama yake amelala kwa amani huko aliko, hajamwita mtu.

Na hospitali bado wanamsubiri. Kama hataki tena paa langu, kaka yako atakaa naye nyumba ya wageni, mimi nitapika na chakula atapelekewa. Asinione, sawa, lakini jicho lifanyiwe. Mvinyo ule nimeutoa. Mbuzi sasa anakwenda na maji, wateja wananung'unika, acha wanung'unike.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie samli nitamletea mwenyewe. Shemeji mdogo anayechunga, mwambie asimwondoe ng'ombe yeyote zizini hata kama ameshapewa. Mke wa shemeji mkubwa msalimie sana, ila barua hii asiione, unamjua. Neema na wadogo zake wabusu mashavuni.

Baba usimpe salamu yangu kabla hujamwambia. Najua atakasirika. Atapiga fimbo chini, atanitukana mimi na ukoo wangu, atasema nisikanyage tena boma lake. Usimtulize, wifi. Mwache afoke mpaka ashibe. Mtu anayejiandaa kufa hana muda wa kumkasirikia mkwe.

Wifi yako mkosaji,
Mama Elia