Filomena Apolinary na Sura Ambayo Hukuisoma kwa Simu

Asubuhi ya Jumatano simu yako iliita bila kupokelewa. Wiki hii mwaka umetimia tangu asubuhi hiyo, dada Filomena. Akinyi, uliyeishi naye chumba kimoja Wadi Kabir, huku Muscat, ndiye aliyepokea mwishowe. "Vene, kaa chini kwanza," alisema. "Filo hajaamka." Daktari aliandika kuwa ni moyo.

Ulikuwa dobi. Mikono ya dishdasha, kanzu za Waomani, ulianza nayo, na hukukubali kishada cha shingoni kiguswe na pasi. Wateja walikujua kwa hilo.

Baba yetu ni mmoja, mama zetu ni wawili, na kule Bukoba hawakuwa wakisalimiana. Wewe ndiye uliyevuka ua ukaja kunibeba mgongoni. Hadi Muscat uliniita "we mtoto wa mama mdogo", na mtu mwingine aliyejaribu kuniita hivyo alijuta.

Mimi nafanya kazi za ndani Bustan, upande mwingine wa mji, kwa Bi Shariffa. Mkataba unanipa mapumziko ya Ijumaa. Ijumaa huwa na wageni. Geti hufungwa kwa ufunguo, na pasipoti yangu iko kabatini kwake.

Kwa sababu hiyo ulianza kunisomea. Ulikuwa na riwaya kuukuu ya Kiingereza, kuhusu mabinti wawili wa baba mmoja na mama tofauti, wanaojitafutia maisha Marekani wakati wa vita kuu. Mkubwa anashona kiwandani miavuli ya wanajeshi ya kurukia kutoka ndegeni. Mdogo ni mpishi katika nyumba ya tajiri, na haruhusiwi kutoka. Ulisoma ukurasa, ukausimulia kwa Kiswahili, ukajirekodi na kunitumia. Nilisikiliza nikiosha vyombo.

Hukuweza kusimulia bila kuingilia. "Sukari ni ya mgao, kama kwetu wakati wa vita vya Kagera, muulize baba." Au: "Huyu mdogo hajui kusema hapana. Kuna mtu namjua yuko hivyo hivyo."

Bi Shariffa, mzaliwa wa Unguja, alipita jikoni siku moja akasimama. Wiki iliyofuata alivuta kiti. "Ngoja, mwanangu, usiiwashe. Nnamimina chai kwanza." Nilipokueleza, sauti iliyofuata ilianza hivi: "Hapa wanabusiana. Naruka, Bi Shariffa yupo." Alicheka hadi akafuta macho.

Nilipoomba ruhusa ya kuja kukuona, alinijibu kwa upole: "Ya nini kuhangaika na joto hili? Dada yako si yumo humu humu, ndani ya simu?"

Nilikufikishia maneno hayo kama yalivyo. Sauti uliyotuma baada ya hapo ilikuwa fupi kuliko zote. Mdogo wa kwenye riwaya alikuwa amefika mlangoni na begi lake. "Imebaki sura moja," ulisema. "Siisomi kwa simu. Anayeitaka aje Wadi Kabir."

Bi Shariffa alisikia pia. Akasema nitakwenda Ijumaa. Ulifariki Jumatano. Jeneza lako liliposafirishwa nyumbani, nilikuwa Bustan. Kulikuwa na wageni.

Akinyi alikitunza kitabu. Mwaka mzima Bi Shariffa aliniuliza hadithi iliishaje, nami nilimjibu kwa maneno yako yale yale. Jana jioni aliuliza tena, nikajibu tena. Aliweka kikombe chini, akaitazama simu mezani.

"Hayumo humu, mwanangu?"

"Hayumo, Bi Shariffa."

Leo asubuhi geti lilikuwa wazi. Yeye alikuwa ameshakaa garini, injini inanguruma. "Ingia," alisema.

Tunaokukumbuka ni baba yako, mzee Apolinary. Mama zako wawili, ambao mwezi uliopita walipalilia kaburi lako pamoja. Akinyi, ambaye hajampa mtu mwingine kitanda chako. Na mimi mdogo wako Veneranda, niliyeandika kwa niaba ya wote. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.

Leo saa tano asubuhi, Wadi Kabir, chumbani kwako, sura ya mwisho imesomwa kwa sauti. Bi Shariffa ameisikiliza amesimama mlangoni, ufunguo wa geti mkononi.